Duara sio saini ya fundi

Pale kijiweni tunaponywea kahawa, Kirumba, Mwanza, sio mbali na mwaloni, kuna jamaa anauza vocha na kurusha nyimbo kwenye simu, huyo ndo redio yetu. Juzi kaja na klipu. Nguzo za mawe, duara kabisa, zimesimama ndani ya jabali la mchanga kama vile mtu kamwaga zege kwenye karavati halafu kalisahau, na kuna sauti inaongea kwa pupa inasema haya ni mabomba ya watu wa kale, miaka milioni mia tano, wakubwa wa dunia wanaficha. Wazee wakatikisa vichwa. Dogo mmoja wa bodaboda akasema "hiyo kazi ya fundi bana, jiwe haliwezi kujikata duara lenyewe", na kijiwe kizima kikamkubalia, mpaka muuza kahawa ambaye huwa hakubaliani na mtu hata ukimwambia leo Jumanne.

Mi nikaondoka na hiyo sentensi kichwani, maana ndo kosa lenyewe lilipo. Sio wageni wa anga, sio kuficha. Kosa ni pale unapoona duara ukahesabu umeona mkono. Tunafikiri hivyo kwasababu sisi wenyewe kutengeneza duara kunatutoa jasho, mwulize fundi yeyote anayefyatua ringi za zege, lakini kwa maji na mchanga duara ndo kitu rahisi kuliko vyote, kona ndo kazi.

Na watu wa Mwanza tungetakiwa tuwe wa mwisho kudanganyika. Tumekulia kwenye mawe yaliyobebana kama watoto wa mama mmoja, lile Bismarck Rock limekaa pale ziwani juu ya wenzake na hakuna kreni iliyolipandisha. Ni graniti, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilipoa chini kabisa ardhini, ikapasuka nyufa za kukatana, maji yakapita kwenye nyufa yakaanza kula. Kona inaliwa pande tatu kwa mpigo, ubapa unaliwa upande mmoja tu, kwahiyo kona zinaisha kwanza na kinachobaki ni boga. Udongo ukaondoka, maboga yakabaki yamepangana, na bado nimewahi kumsikia mtu mzima, baba wa familia, akisema yalipangwa na majitu. Haya.

Turudi kwenye nguzo. Ile klipu ilikuwa imeunganisha vitu viwili au vitatu ambavyo havihusiani, na hiyo ndo tabia ya klipu. Zile nguzo nene zilizo ndani ya jabali, mi naamini ni za kule mpakani kwa Canada na Marekani, karibu na mji wa Kingston, Ontario, na upande wa pili kwenye jimbo la New York. Kuna jiwe la mchanga linaitwa Potsdam, limepewa jina la mji wa Potsdam wa New York (sio ule wa Ujerumani), mwanajiolojia Ebenezer Emmons ndo alilipa hilo jina mwaka 1838. Ni mchanga wa kwatzi, sehemu kubwa yake ulitandikwa kama miaka milioni 500 iliyopita, enzi ya Kambri, na nyingine baadae kidogo. Jiwe lenyewe lina heshima, jiwe la ukoo huohuo, watu wa Ottawa wanaliita Nepean, ndo limejengea bunge la Canada. Sasa ndani ya hilo jiwe, kwenye machimbo na kingo za barabara, kuna nguzo zimesimama wima. Nyingine ni nyembamba unaweza kuikumbatia, nyingine upana wake ni mita kadhaa. Ukiikata kwa juu unaona pete ndani ya pete, kama kitunguu.

Pete ndani ya pete, duara, imesimama wima. Unaona akili inapokimbilia: mti. Watu wa mwanzo nao walikimbilia hukohuko, gogo lililogeuka jiwe. Na kwa kweli ukiangalia kwa macho tu huwezi kuwalaumu, mi mwenyewe ningesema gogo.

Ila kuna swali moja la kuuliza kabla hujashangaa, nalo ni la umri. Miaka milioni 500 iliyopita nchi kavu haikuwa na mti hata mmoja. Hakukuwa na msitu, hakukuwa na kichaka, hakuna hata majani ya kulisha mbuzi. Miti ya kwanza tunayoijua inakuja zaidi ya miaka milioni mia moja baadae. Na utamu wa hii stori ni kwamba baadhi ya miti hiyo ya mwanzo imepatikana jimbo hilohilo la New York, sehemu inaitwa Gilboa, ambako mafuriko ya mwaka 1869 yaliosha kingo za kijito na kuacha visiki vya mawe ya mchanga vimesimama palepale vilipoota, umri wake ni kama miaka milioni 385. Wakakaa na visiki zaidi ya karne moja bila kujua juu yake palikuwa na nini, mpaka miaka ya 2000 walipopata shina zima na kichwa chake cha matawi, ikatangazwa 2007, mti unafanana kidogo na mnazi japo haukuwa mnazi. Kwahiyo jimbo moja, mawe ya mchanga yote, vitu vya duara vyote, kimoja ni mti na kingine hakiwezi kuwa mti hata kwa bahati mbaya. Umbo halikusaidii kitu hapo. Kinachoamua ni tarehe.

(Kuna na vijibomba vidogo, upana wa penseli, vimejaa kwa mamia kwenye mawe ya Kambri, kule Scotland wana jabali zima wanaliita la mabomba. Hivyo ni mashimo ya wadudu kama minyoo waliojichimbia wima kwenye mchanga wa bahari. Sibishani na hivyo, ni vidogo na kazi yao inajulikana. Mnyoo wa upana wa mita mbili ndo huyo siwezi kumkubali.)

Sasa nani kasimamisha nguzo za Kingston? Hapa inabidi nikupeleke Igombe kwa mjomba wangu.

Mjomba ni fundi visima. Anachimba kandokando ya ziwa, kwenye mchanga, anashusha ringi za zege moja juu ya nyingine huku vijana wake wakichota kutoka ndani. Siku niliyoenda kumsalimia nikakuta kazi imesimama. Walikuwa wamefika maji, kijana mmoja mwenye haraka akaleta pampu akaanza kunyonya ili chini pakauke wachimbe vizuri. Mjomba alikuwa ameenda kula. Kurudi anakuta chini ya kisima mchanga unacheza, sehemu ya upana wa sufuria ya ugali, unapanda na kushuka kama uji wa ulezi unaochemka, na kadri wanavyochota ndo unavyozidi kuja, ringi ikaanza kulala upande. Akapiga kelele zima hiyo pampu. Halafu hakuchota tena, aliacha maji yajae yenyewe, akaagiza karai za kokoto zikamwagwa palepale kwenye kidonda. Mchezo ukaisha. Nikamuuliza mjomba hii imekuwaje, akaniambia "mchanga umechemka", kwa sauti ya mtu anayesema mvua imenyesha.

Kilichotokea ni hivi. Nje ya ringi maji yamesimama juu, ndani umeyanyonya yameshuka, basi ya nje yanapita chini ya ringi na kupanda kwa nguvu kupitia kwenye mchanga. Chembe ya mchanga ndani ya maji sio nzito kama unavyodhani. Mchanga ulioloa, ukitoa ule uzito unaobebwa na maji, unabaki na uzito unaokaribia ule wa maji ya ujazo uleule. Ndo maana hesabu inatoka rahisi mno: kama maji ya upande wa pili yamezidi kwa mita moja kwa kila mita moja ya mchanga wanayopita kupanda, chembe zinaacha kukanyagana, zinaelea. Mchanga unakuwa uji. Chochote kilichokaa juu yake kinazama, na matope laini yanabebwa kwenda juu. Kokoto zinatibu kwasababu ni nzito na zina nafasi, maji yanapita na mchanga unabaki.

Mi si mtu wa kuamini hesabu bila kuona, na bosi wangu mkubwa nyumbani, yaani mwanangu wa darasa la sita, ndo kwanza alikuwa anakariri mcheduara na pai yake, kwahiyo nikafanya vurugu sebuleni. Nilichukua chupa kubwa ya maji ya lita 20, ile inayopita mwanga, nikaikata juu. Chini kabisa nikatoboa tundu nikapitisha mpira, nikaziba kwa silikoni. Nikaweka kokoto ndogondogo, juu yake kipande cha chandarua, halafu mchanga wa ziwa vidole vitatu, nikanyunyiza udongo mwekundu uliochekechwa, mchanga tena, udongo tena, mpaka zikawa tabaka sita, kama kanga iliyokunjwa. Mpira nikauunganisha na ndoo ya maji. Ndoo ikiwa sakafuni hakuna kitu. Nikaipandisha kwenye kigoda, mchanga ukaloa ukatulia. Nikaipandisha kwenye kiti, maji yakaanza kusimama juu ya mchanga taratibu, watoto wakaanza kuchoka wakitaka kuwasha tivii. Nikaiweka mezani. Mchanga wote ukavimba kidogo, kama chapati inayotaka kupanda, halafu sehemu moja tu, pembeni ukutani mwa chupa, upana wa dole gumba, ikapasuka ikaanza kucheza. Udongo mwekundu ukatoka hapo juu ukachafua maji yote, mama yao akauliza nani atafagia.

Nikashusha ndoo. Kucheza kukaacha. Na ukutani mwa chupa, ukiinama ukaangalia, kuna bomba. Limesimama wima kutoka chini mpaka juu, ndani yake mchanga mweupe mtupu hauna mstari hata mmoja mwekundu, na ile mistari myekundu ya pembeni inakuja imenyooka, inafika ukingoni mwa bomba, inainama kwenda chini kama ukingo wa shuka uliovutwa. Mwanangu akasema "baba mbona umelitoboa na kijiti". Unaona? Hata aliyekuwepo anatafuta mkono.

Huo mstari ulioinama ndo kitu ambacho nikiwa na jabali mbele yangu ningekiangalia kabla ya duara lenyewe. Ukingo unaongea kuliko umbo. Kama mtu katoboa kwa nondo au keekee, tabaka linakatika kavu, halijainama popote, maana jiwe lilikuwa tayari ni jiwe. Kama tabaka limeinama basi mchanga ulikuwa bado laini na umeloa wakati bomba linatengenezwa, na fundi wako wa kale angelazimika kufanya kazi chini ya maji kwenye mchanga unaotembea, namtakia kila la heri. Nguzo za Kingston na za ng'ambo yake ziko hivyo, tabaka za pembeni zimeinama, na ndani kuna zile pete zinazofuata ukuta. Mwaka 1934 wanajiolojia wawili, Hawley na Hart, waliandika juu yake na hitimisho lao ni la mjomba wangu: maji yalikuwa yanapanda kama chemchemi kupitia kwenye mchanga. Mwaka 1953 mwanajiolojia mwingine, Dietrich, akaandika juu ya za upande wa New York, sehemu inaitwa Redwood, na huko kuna hadi zilizochongoka kama pia ya kuchezea watoto.

Nami nasimama upande wa maji. Ila nisikufiche, kusema "maji yalipanda" ni nusu ya jibu, maana lazima kuna kitu kiliyasukuma, na hapo ndo wataalamu wanapogawana. Chemchemi ya kawaida inatosha, maji ya mlimani yanayotafuta njia chini ya tabaka gumu. Wengine wanaangalia chini ya jiwe la Potsdam, kuna mawe ya zamani zaidi na mengine ni marumaru, na marumaru inaliwa na maji, linatokea pango, mchanga wa juu unadondokea humo kama unga kwenye kinu cha mashine. Hiyo nayo inakupa duara na tabaka zilizoinama chini. Halafu kuna tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera walipigwa na tetemeko la 5.9, na hata Mwanza tulitoka nje ya nyumba, basi fikiria mtikisiko kama huo au mkubwa zaidi ukipita kwenye mchanga uliojaa maji: chembe zinapoteza kushikana, uzito wote unahamia kwenye maji, maji yanatafuta pa kutokea. Christchurch kule New Zealand, Februari 2011, watu walikuta mitaa imejaa mchanga wa kijivu uliotoka chini. Na yale matetemeko ya New Madrid, Marekani, ya 1811 na 1812, madoa ya mchanga yaliyoachwa bado yanaonekana kwenye mashamba ukipiga picha kutoka angani.

Namna ya kuzitenganisha ipo, na ni nzuri kuliko kubishana. Tetemeko ni tukio la dakika, kwahiyo bomba lake linakata tabaka zote zilizokuwepo siku hiyo kwa mkupuo mmoja, na tabaka lililokuja baada ya hapo linapita juu limenyooka halijui kitu. Chemchemi ni ya miaka, mchanga unaendelea kutandikwa na yenyewe inaendelea kupanda, kwahiyo kila tabaka linakuwa limejipinda kivyake kuizunguka. Pango nalo, ukifuata nguzo mpaka chini unakuta shimo kwenye marumaru. Ndo maana ile klipu iliniudhi, inakuonyesha katikati ya nguzo tu, kichwa haipo, miguu haipo, halafu inakuuliza unaonaje.

Na kwanini duara? Hili swali la dogo wa boda linastahili jibu la heshima. Maji yanayopanda yanagombana na ukuta, ukuta unayakwaruza na kuyachelewesha, na kwa kiasi kilekile cha njia, duara ndo lina ukuta mfupi kuliko umbo lolote. Kukiwa na kona, kwenye kona maji yanachoka, mchanga unatuama, kona inajaa. Mchanga wa pembeni nao unasukuma kuja ndani sawasawa kutoka pande zote. Ndo hivyohivyo uji ukichemka hautoi tundu la pembe nne.

Maji sio peke yake pia. Bulgaria, karibu na mji wa Varna, kuna sehemu inaitwa Pobiti Kamani, uwanja wa nguzo za mawe za mita tano mpaka saba, nyingi zina uwazi katikati kabisa kama bomba la kweli, umri wake kama miaka milioni 50. Kule maelezo yenye nguvu ni gesi. Metheni ilikuwa inavuja kutoka chini ya sakafu ya bahari, vijidudu vinaila, na kazi yao inafanya chokaa igande pembezoni mwa njia ya gesi na kushika mchanga kama saruji. Baadae bahari ikaondoka, mchanga uliokuwa haujashikwa ukapeperushwa, mabomba yakabaki yamesimama. Utah, Marekani, kwenye bonde la Kodachrome, kuna nguzo nyingine zinafika karibu mita 50 na kila mtu ana lake, chemchemi, tetemeko, na hawajamaliza.

Kuna kesi moja naipenda zaidi kwasababu ni ya Afrika na inahusu kitu tunachokijua sisi kuliko Mzungu yeyote. Kaskazini mwa Afrika Kusini, bonde la Tuli, kuna jiwe la mchanga la jangwa la zamani, enzi ya Jura, yaani zama za dinosaria, na ndani yake nguzo nyingine zinazidi mita tatu. Mwaka 2004 mwanajiolojia Emese Bordy na wenzake wakasema hivi ni vichuguu. Ndani kuna vijinjia vilivyosokotana, kuta, vyumba. Wengine wakapinga, na hoja yao ilikuwa nzito, mchwa wa zamani kabisa kupatikana kama visukuku ni wa baadae sana, mamilioni mengi ya miaka. Mtu wa Magu au Misungwi akiangalia zile picha atasema kichuguu bila kuvua kofia, na anaweza kuwa sahihi, ila angalia tena: ni umbo lilelile linamwita. Mi hapo naweka nusu. Vile vijinjia vya ndani ni ushahidi kweli, maji hayasuki njia namna hiyo, lakini mizizi inaweza.

Na usidhani kukimbilia umbo ni ugonjwa wa vijiweni tu. Humuhumu ziwani kwetu, upande wa Kenya, kuna kisiwa cha Rusinga, kule Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, sokwe wa kale wa miaka kama milioni 18. Mwaka 1951 mwanajiolojia Tom Whitworth akakuta hapo mduara kwenye jabali, umejaa mwamba wa rangi tofauti na wa pembeni, na ndani yake mifupa, ya Proconsul na ya wanyama wengine. Akauita tundu la mto, yaani shimo ambalo maji yanazungusha mawe mpaka yanalitoboa kama kinu. Ni maelezo mazuri, mito inafanya hivyo kila siku. Yakakaa miaka thelathini kila mtu anayarudia. Miaka ya 1980 mtafiti Alan Walker na wenzake wakarudi kwenye masanduku ya makumbusho Nairobi, wakakuta mifupa mingine ya mnyama huyohuyo imehifadhiwa kwenye mafungu mengine, wakarudi na kisiwani kuangalia ukingo wa ule mduara vizuri. Ukuta haukuwa umesuguliwa na mawe ya mto. Kilikuwa kisiki, mti mkubwa wenye uwazi ndani, uliofukiwa na majivu ya volkano ukiwa umesimama, mbao ikaoza, tope likajaa mahali pake, na inadhaniwa mnyama mla nyama alikuwa analeta mawindo yake humo. Mwaka 1993 yule sokwe akapewa jina heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba na akina Leakey miaka mingi. Na 2014 watafiti wengine wakatangaza kwamba Rusinga ina visiki vingi vya namna hiyo vilivyosimama palepale vilipoota, msitu mzima.

Yaani Kingston walidhani mti, kumbe maji. Rusinga wakadhani maji, kumbe mti. Duara lilelile.

Kile kipande cha pili cha klipu, mabomba yenye kutu kandokando ya ziwa, nadhani ni Baigong, mkoa wa Qinghai, China. Mwaka 2002 magazeti yalijaa wageni wa anga. Maelezo yenye uzito ni mizizi na magogo ambayo maji yenye chuma yaliyazunguka, chuma kikikutana na hewa kinageuka kutu, kutu inashika mchanga, mti unaoza na ganda linabaki. Nani hapa hajawahi kuona moramu? Ni kutu hiyohiyo ndo imeshika changarawe ya barabara zetu ikawa ngumu mpaka sururu inadunda.

Haya yote nilijaribu kuyasema kijiweni siku iliyofuata, nikafika mpaka kwenye marumaru, jamaa wa vocha akaniuliza kama nimeona klipu mpya ya nyoka mwenye vichwa viwili. Kwahiyo Jumapili nikapanda daladala nikaenda Igombe, nikamsalimia mjomba, nikampa simu nikamwekea zile nguzo bila maelezo na sauti nimezima. Akaivuta mbali na macho, akaisogeza karibu, akaangalia yote mpaka mwisho, akairudisha mwanzo mwenyewe kwa kidole kilichokauka saruji.

"Hicho kiliwashinda," akasema. "Umechemka mpaka umetoka juu, na hakuna aliyemwaga kokoto."